Malaika Aliyepanda kwa Ngazi

Mabawa? Ngoja kwanza, Zena, usikimbilie. Hilo unaloniuliza wewe umekaa mkekani miguu umenyoosha, ndilo waliloulizana bomani, na mtu alikuwa anangojwa na kitanzi kwa ajili yake. Malaika ana mabawa au hana? Utasema ni swali la watoto wa mafundisho. Mwaka ule halikuwa la watoto.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Maji Maji viwake. Wadachi walikuwa wameshachoma maghala, mashamba yamelala, na njaa imeingia Songea imekaa kama mwenye nyumba. Watu walichemsha ngozi za ngao zao za vita wakanywa mchuzi wake. Kuku hakuna. Mbwa ndio usiseme, walikwisha zamani.

Sasa babu yangu mzaa mama, Kassimu, Myao wa Namasakata, alikuwa askari wa Mdachi. Ombasha, mwenye alama mkononi. Mungu amsamehe, sifichi. Kazi yake ilikuwa kutafuta: nani kaficha bunduki, nani kasema nini, nani kalala wapi. Mtu mwenyewe alikuwa haamini neno. Bibi akimwambia maji yamechemka, mpaka atie kidole.

Asubuhi moja bwana wa boma akamwita. Kulikuwa na kigango cha Wakatoliki upande wa Ruhuwiko, kanisa lenyewe nusu limeungua kwenye vita. Watu wa pale walikuwa wameficha mbegu zao za mtama darini, juu ya kanisa, zingoje mvua. Mifuko sita. Imeibiwa yote. Mlinzi, kijana anaitwa Daudi, amekamatwa, na yule Mdachi anasema mbegu zimekwenda msituni kwa waasi.

"Jua likizama," akasema Mdachi, "nataka mbegu au shingo. Moja katika hayo mawili. Nikipata moja, ya pili siihitaji."

Hilo neno lishike, Zena. Kassimu alilishika.

Akaenda kwa mahabusu. Daudi alikuwa kakaa chini, mikono imefungwa nyuma, jicho moja limevimba. Babu akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, Ombasha."

"Marahaba. Nani kakupiga?"

"Wenzako."

"Kwa sababu gani?"

"Nimesema niliona malaika."

"Niambie mimi. Nikichoka kusikiliza nitakupiga na mimi."

Daudi akasema alikuwa mlangoni pa kanisa, alfajiri, ukungu umeshuka mpaka magotini. Akaona mtu mweupe.

"Mzungu?"

"Nguo nyeupe. Mpaka chini."

"Akafanya nini?"

"Akapanda ngazi ya kwenda darini."

"Akaruka juu?"

"Akapanda, Ombasha. Mguu mmoja, halafu mwingine. Nikapiga magoti, nikafunika uso. Tumefundishwa hivyo."

"Ukafunika uso muda gani?"

"Rozari nzima. Mafungu yote matano."

"Na masikio uliyafunika?"

"Nilisikia ngazi inalia. Anapanda, anashuka. Inalia tena. Nikasema wako wengi, maana Yakobo alipolala aliona malaika wanapanda na kushuka ngazi."

Kassimu akamtazama mpaka yule kijana akainamisha kichwa.

"Alikuwa na mabawa?"

"Hakuwa nayo."

"Hata ukungu ukiwa umeyaficha?"

"Mgongo wake niliuona. Ulikuwa mgongo tu."

Nje askari wenzake walikuwa wanacheka. Mmoja akampa habari: msimamizi wa kanisa, Pankrasi, anayetunza sakristia na nguo za Misa, alikuja jana mwenyewe bomani kushtaki. Akamwambia bwana mkubwa kwamba malaika wote wana mabawa, iko picha kanisani, mwenye macho aende akaone. Kwa hiyo Daudi anadanganya. Mdachi akacheka, akasema hata kwao Ulaya hajaona malaika asiye na mabawa. Ndiyo ilikuwa hukumu. Kwisha.

"Yeye Pankrasi alikuja bila kuitwa?" Kassimu akauliza.

"Bila kuitwa."

Hapo Kassimu akamfungua Daudi mikono, akamfunga tena kwa mbele, akashika kamba. "Twende. Utanionyesha huyo malaika wako alipokanyaga."

*

Njiani wakapita kwa Maalim Iddi. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Nakapanya, vita vilimkuta Songea akakwama, akawa anafundisha watoto wa askari Kurani. Kanzu nyeupe pekee mjini ilikuwa yake. Watu wengine walibaki na kaniki zilizochanika au magome ya miti, na kitambaa cheupe ulikuwa unakitafuta kama dawa.

"Asalaam aleikum, Maalim."

"Waaleikum salaam. Leo umekuja na kamba au na swali?"

"Vyote. Kanzu yako iko wapi?"

Maalim alikuwa kajifunga shuka ya kijivu kiunoni. Akamwongoza nyuma ya nyumba, akaonyesha udongo mbichi, majani hayajaota.

"Halima," akasema. Ni mkewe. "Jumatatu ya wiki jana. Sanda nitaitoa wapi? Kanzu ilimtosha, alikuwa amebaki mifupa."

Mbegu zilikuwa zimeibiwa Alhamisi. Kassimu akahesabu siku, akainama, akashika udongo, akaunusa. Nakwambia alikuwa mtu wa ajabu, mpaka kaburi alilikagua. Halafu akafuta mkono, akasoma Fatiha. Wakarudi mbele.

"Malaika wana mabawa, Maalim?"

"Imeandikwa. Sura ya Fatir. Wenye mbawa mbili mbili, na tatu tatu, na nne nne."

Daudi akafumba macho. Alisikia kitanzi hicho.

"Kwa hiyo huyu mwongo."

"Sijasema hivyo. Yule aliyekuja kwa Bibi Mariamu alikujaje? Kwa sura ya mtu, mtu kamili. Waliokuja kwa Nabii Ibrahimu, wageni kama wageni. Akawachinjia ndama, akawaandalia. Kama wangekuwa na mbawa, angewaandalia ndama? Si angekimbia?"

"Alijuaje kwamba si watu?"

"Hawakunyoosha mkono kwenye chakula. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu. Mgeni akikaa mbele ya chakula, Ombasha, ndipo unapomjua."

Kassimu akaivuta kamba ya Daudi. "Vaa viatu, Maalim. Twende wote."

"Mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nataka mtu wa kunisaidia kutazama."

*

Kigango wakakuta Bruda Rupert juu ya paa, anapigilia boriti. Mtawa wa Kidachi, mzee, ndevu mpaka kifuani, seremala. Padre alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi, lakini bruda alikaa hapohapo na watu, akala walichokula, miguu yake imevimba kama yao.

"Shuka, Bruda."

"Mimi nashuka pole pole. Ngazi mgonjwa."

Kassimu akamtazama anavyoshuka. Karibu na chini bruda akavuka daraja moja la ngazi, akapiga hatua ndefu mpaka la chini yake.

"Mbona umeruka?"

"La tatu bovu. Likikanyagwa, linatoka. Sisi wote wa hapa tunajua."

"Mgeni hajui?"

"Mgeni anaanguka."

Kassimu akamgeukia Daudi. "Malaika wako alikanyaga la tatu?"

Daudi akafikiri. "Mwanzoni alipiga hatua ndefu. Nilishangaa. Ndipo nikafunika uso."

Kassimu akapanda mwenyewe. Darini mihimili ilikuwa imeungua, ukiigusa unatoka na masizi. Chini, punje za mtama zimemwagika, na makapi. Punje zilifuata mstari mpaka tundu la ngazi. Akapima kwa kichwa chake: mtu wa kimo chake lazima ainame, na mfuko ukiwa begani, bega litagusa boriti. Akashuka, naye akavuka lile la tatu.

Pankrasi akaja amefunga mikono mbele kama anasali. Mtu mwembamba, msafi, sauti ya chini.

"Tumsifu Yesu Kristo. Ombasha, umeshapata jibu? Kijana amekiri?"

"Nionyeshe picha."

Picha ilikuwa juu ya altare. Ilipona kwenye moto, kona moja tu imeungua. Malaika mwenye nywele za manjano, mabawa mawili makubwa yamejaa picha nzima, manyoya moja moja, ya kijani na dhahabu.

"Daudi huiona picha hii?"

"Kila Jumapili," akasema Pankrasi. "Anakaa mbele kabisa. Ndiyo maana nasema ni mwongo. Aliona malaika kila Jumapili akiwa na mabawa, leo anatuletea asiye nayo."

Kassimu akaitazama picha. Akamtazama Pankrasi.

"Wewe ukitaka kunidanganya kwamba umeona chui, utaniambia alikuwa na madoa?"

"Ndiyo. Chui ana madoa."

"Mwongo hasahau madoa. Mwongo ndiyo kwanza anayatia. Daudi, malaika pekee aliyemjua ni huyu hapa ukutani. Angekuwa anatunga, angetunga huyu, manyoya na yote. Anakuja kutuambia mgongo mtupu, kitanzi kiko mbele yake, na habadilishi. Basi aliona mgongo."

Pankrasi akatabasamu kidogo. "Kwa hiyo kuna malaika wasio na mabawa? Hiyo ni dini mpya, Ombasha. Bruda, mwambie."

Bruda alikuwa anafuta nyundo kwa nguo. Akasema, "Mimi seremala, si padre. Lakini kijana nilikwenda Roma, kwa miguu. Chini ya ardhi, makaburi ya Wakristo wa kwanza. Ukutani wamechora malaika anakuja kwa Maria. Kijana tu. Kanzu, mkono mbele hivi. Bawa, hata moja hapana. Mabawa wameanza kuchora baadaye, miaka mingi sana, karne."

"Waliyatoa wapi?"

"Watu wanasema, sanamu za zamani. Wapagani walikuwa na mwanamke wa ushindi, anaruka."

Maalim Iddi akacheka mlangoni. "Kumbe mmeiba kwa makafiri."

"Tumeazima," akasema bruda.

"Na kitabu chenu?" Kassimu akauliza.

"Kitabu kina mabawa. Maserafi, sita kila mmoja: mawili uso, mawili miguu, mawili kuruka. Makerubi juu ya sanduku la agano. Hao wako kwa Mungu. Lakini anayetumwa kwa mtu, anakuja kama mtu. Kwa Abrahamu walikuja watatu, wakala."

"Hawakula!" akasema Maalim.

"Kwetu wamekula."

"Kwetu hawakugusa."

"Basi, basi," akasema Kassimu. "Bruda, endelea."

"Na Rafaeli, alitembea na Tobia safari nzima. Tobia anafikiri ni mtu wa njiani, amemwajiri. Wanakwenda wawili, mbwa nyuma yao."

Kassimu akamkata. "Nini nyuma yao?"

"Mbwa. Imeandikwa. Mbwa wa Tobia."

Nje, kwenye kizingiti cha sakristia, palikuwa na mbwa kalala. Walikuwa wamemvuka wote wakati wa kuingia. Mbwa wa padre wa zamani, aliyekwenda zake vita vilipoanza. Kassimu akatoka, akasimama juu yake. Manyoya yanang'aa. Mbwa akafungua jicho, akafunga.

"Huyu anamfuata nani?"

"Hamfuati mtu," akasema bruda. "Mimi simpi kitu, mimi sina. Nadhani panya."

"Panya tulishawala," akasema Maalim.

Kassimu akaenda kwa Daudi, aliyefungwa kwenye nguzo ya kengele, akamwinamia sikioni.

"Malaika wako alikuwa na mbwa?"

Daudi akainua uso. "Nani kakwambia?"

"Jibu."

"Nilisikia kucha kwenye mawe. Na pumzi. Alikuja naye, akaondoka naye."

"Kwa nini hukusema bomani?"

"Mabawa tu mlinipiga, je, na mbwa? Tena hilo ndilo lililonifanya nijue ni malaika kweli. Katekista alitusomea habari ya Tobia wiki ileile. Nikasema ndiye huyo, amekuja na mbwa wake."

Unaona kosa hilo, Zena? Mtu ambaye hajafundishwa angesema, mwizi na mbwa. Yeye kafundishwa vizuri mno.

*

Mama wa Daudi, Walburga, nyumba yake ilikuwa mtoni, na kazi yake kufua nguo za kanisa. Alipomwona Kassimu hakusimama.

"Umekuja kuchukua na mimi? Nisubiri nijifunike kichwa."

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako mpelekee Mdachi."

"Mwanao nimekuja naye. Yuko hapo juu, kanisani."

Mkono wake ukatulia kwenye maji. Pembeni palikuwa na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, vya kuchimba, mizizi mirefu kama vidole. Kucha zake zilikuwa zimekatika zote.

"Hiyo ming'oko ya nani?"

"Yake. Siku tatu nachimba. Nilikuwa nimpelekee bomani kesho."

"Kesho atakuwa hana haja nayo. Mdachi ametoa mpaka jua kuzama. Mama, nguo nyeupe ya padre, ile ndefu ya Misa, iko wapi?"

Mama akarudia kufua. Kassimu hakumsukuma. Akakaa kwenye jiwe, akavua kofia, akangoja. Kungoja alikuwa anajua.

"Iko ndani," mama akasema mwisho. "Sijaifua."

Akaileta imekunjwa mara nyingi, kama kitu cha aibu. Kassimu akaikunjua juani. Bega la kulia, masizi. Pindo, vumbi na makapi ya mtama yamenasa kwenye uzi.

"Nani kakupa?"

"Pankrasi. Ijumaa asubuhi. Akasema padre anakuja Jumapili, nifue upesi. Nilipoona makapi nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Mwanangu alikuwa mlinzi. Nguo ina makapi. Ningekuambia wewe, ungesema alivaa yeye."

"Ningesema," Kassimu akakubali. "Na bado naweza kusema. Naweza kusema ulivaa wewe. Ufunguo wa sakristia anao Pankrasi, anao na bruda, na nguo iko kwako. Watu watatu. Pankrasi atasema alikupa ikiwa safi."

"Basi nipeleke mimi. Shingo ni shingo."

"Kaniambia mbegu au shingo. Mimi nataka mbegu." Akasimama, akaitia ile nguo mkobani. "Ming'oko hii, ichemshe."

"Nikupikie wewe?"

"Upikie watu wote walioko kanisani. Na usiimenye."

"Mwaka huu nani anamenya?" akasema mama kwa ukali.

"Ndilo na mimi nataka kulijua."

*

Chungu kikaletwa uani saa ya jua kuinama. Kassimu akatandika jani la mgomba, ming'oko ikamwagwa inafuka. Harufu ile! Maalim Iddi akameza mate mpaka ikasikika.

"Karibuni," akasema Kassimu. "Nimemaliza maswali. Tule kidogo, halafu nimpeleke kijana."

"Chakula cha kigango," akasema Maalim, tayari kanawa.

"Mng'oko hauna dini, Maalim."

Pankrasi akasimama mbali. "Mimi niacheni. Nina kazi sakristia."

Maalim akamtupia Kassimu jicho. Lakini Pankrasi alikuwa mjanja. Aliliona lile jicho, na ile hoja ya Ibrahimu aliisikia kanisani. Akarudi upesi. "Haya, nitaonja. Msije mkanifanya malaika." Akacheka peke yake.

Wakasogea kwenye jani, wamechuchumaa tu, maana wakati ule mtu alikula akiwa tayari kukimbia. Daudi akala kwa mikono iliyofungwa. Bruda akatia mng'oko mzima mdomoni, na udongo uliobaki. Mama Walburga alikula maganda kwanza, akaacha nyama ya ndani ili amsogezee mwanawe. Yalisikika meno tu.

Kassimu hakula. Alitazama vidole.

Vidole vya Pankrasi vilishika mng'oko kwa ncha. Vikachana ganda juu, vikalivuta polepole mpaka chini, likatoka refu, zima, kama mtu aliyekaa kwake siku ya shibe. Akala ya ndani, akatafuna vizuri. Ganda akalitupa nyuma bila kugeuka.

Likamwangukia mbwa puani.

Mbwa akalinusa. Akaligeuza kwa pua. Akaliacha.

Zena, mjukuu wangu, babu alikuwa ananisimulia haya akiwa kipofu, na kila akifika hapa alikuwa anarudia. Mwaka ule! Watu wamechemsha ngao. Na mbwa anakataa ganda la mng'oko. Mama Walburga aliacha kutafuna. Bruda aliacha. Wote walikuwa wanamtazama mbwa, na mbwa akaona anatazamwa, akainuka, akajinyoosha, akaenda taratibu mpaka nyumba ya nyuma ya sakristia. Akakuna mlango wa Pankrasi kwa mguu, kama anavyokuna mtu aliyezoea kufunguliwa.

"Anataka chake," akasema Kassimu. "Humpa nini, Pankrasi?"

Pankrasi alikuwa bado ana mng'oko mkononi. "Ukoko," akasema. "Ukoko wa chunguni tu."

"Ukoko wa nini?"

Ndani ya nyumba kitoto kikalia, kile kilio cha siku chache. Pankrasi akakaza macho kwenye jani.

"Nilizika watoto wawili," akasema. "Mke wangu Skolastika kajifungua huyu, maziwa hayatoki. Na juu ya vichwa vyetu, mtama umejaa, tunausalia."

"Mbegu za watu wote," akasema bruda.

"Mwezi jana nilichukua mfuko mmoja, juzijuzi nikaanza wa pili. Halafu nikasema, wakikuta imepungua watanikamata. Ikiisha yote watasema waasi. Nikavaa alba, hiyo nguo ya padre, kijana anaogopa vitu vyeupe. Mbwa ndiye nilimpa ukoko asije akanifuata."

"Ndiyo maana akakufuata, mjinga wee," akasema Maalim.

"Na bomani ulikwenda kufanya nini?" Kassimu akauliza.

Pankrasi hakumtazama Daudi. "Yeye hana mtoto."

Mama Walburga akainuka. Alikuwa na mwiko mkononi. Kassimu akanyoosha mkono mmoja mbele yake, bila kumgusa, na yule mama akasimama hapo anapumua.

Wakaingia ndani. Shimo lilikuwa chini ya kitanda, Skolastika kalala juu yake na mtoto. Mifuko minne mizima, mmoja nusu. Kassimu akatia mkono katika kila mfuko mpaka kwenye kiwiko. Akanusa, akauma punje. Mbegu.

Akatoka, akatoa mkobani ile alba, akamtupia Pankrasi. "Vaa."

"Ombasha..."

"Vaa. Beba. Panda."

Akapanda mbele ya wote, jua likiwa bado lipo, mfuko begani. Daraja la tatu akaliruka, hatua ndefu. Ngazi ikalia. Akashuka, akabeba mwingine. Daudi alikuwa katikati ya uwanja. Mara ya kwanza mikono yake iliinuka yenyewe kwenda usoni. Kassimu akaishusha.

"Safari hii tazama."

"Ndiye," akasema Daudi. "Mgongo ni ule."

Mifuko ilipokwisha, Kassimu akatoa kisu. Pankrasi akarudi nyuma mpaka ukutani. Lakini kisu kilikwenda kwenye kamba ya Daudi.

"Kaniambia mbegu au shingo," akasema Kassimu. "Nikipeleka zote mbili atazipokea, namjua. Nitampelekea konzi moja aone rangi, nitasema zilihamishwa kwa ajili ya panya, zimerudi darini. Upungufu ni wa hao panya." Akamgeukia Daudi. "Lakini shingo iliyokopeshwa ilikuwa yako. Ukisema nimfunge, namfunga."

Daudi alikuwa anasugua vifundo vya mikono. Ndani kile kitoto kililia tena. Mama yake alimtazama.

"Apande yeye ngazi siku ya kupanda mbegu," akasema Daudi mwisho. "Kila mfuko ashushe yeye, watu wakiona. Shingo nimechoka nazo."

Kassimu akaendelea kumtazama Pankrasi, kwa lile jicho lake la kutia kidole. Hakumwamini. Mpaka anakufa hakumwamini. Lakini akarudisha kisu.

Daudi akainama, akaliokota lile ganda alilolikataa mbwa. Akalipangusa vumbi kwenye paja, akalila. Halafu akakaa chini, sasa ndiyo akakaa kweli, miguu amekunja. Bruda akakaa na miguu yake iliyovimba ameinyoosha. Maalim akakaa, akasema bismillahi mara ya pili. Hata Kassimu akaweka bunduki chini, akavuta mng'oko mmoja.

Pankrasi alibaki amesimama na alba yake yenye masizi.

Mama Walburga akachagua mng'oko mnene chunguni, akaufunga kwenye jani. "Huu wa Skolastika," akasema. Akatoa mwingine, akauweka mahali palipo wazi, kati yake na mwanawe.

"Kaa," akamwambia Pankrasi. "Na safari hii kula na ganda."

Akakaa. Wakala.